Nina udahili na ufadhili wa kusomea uchumi wa afya, lakini kazini sijapewa ruhusa. Nifanyeje?

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 34, ni katibu wa afya katika halmashauri moja ya mkoa wa Kigoma. Shahada yangu ya kwanza ni ya usimamizi wa mifumo ya afya, nilisoma Mzumbe nikamaliza na GPA ya 3.6. Kazi zangu ni zile zile za makatibu wa afya wote: watumishi, magari, vikao, mpango kabambe wa afya wa halmashauri, na kuhakikisha matumizi ya vituo yameingia kwenye FFARS, mfumo wa hesabu za fedha za vituo, kabla robo haijafungwa.

Kilichonisukuma kukuandikia ni CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii. Kaya inalipa shilingi 30,000 kwa watu wasiozidi sita, afisa mwandikishaji anawapiga picha kwa simu, wanatibiwa mwaka mzima. Mwaka ukiisha, wengi hawahuishi. Kwenye vikao jibu ni moja: wananchi hawana uelewa wa bima. Mimi nazisoma taarifa za zahanati, na jibu hilo haliniingii. Kwenye taarifa moja mganga mfawidhi aliandika kwa kalamu pembeni ya jedwali: "Amoksilini ya watoto imeisha, wanachama wanaelekezwa duka la dawa." Zahanati hiyo ndiyo ambayo kaya zake karibu zote hazikuhuisha. Je, ni dawa? Ni umbali? Ni mavuno mabaya? Sijui namna ya kuyatenganisha mambo hayo. Katika kutafuta nikakuta kuna fani nzima ya maswali kama haya, uchumi wa afya na utafiti wa huduma za afya, na tangu hapo sitamani kazi nyingine. Ndoto yangu ni kuwa mhadhiri na mtafiti.

Nikaomba, nikapata. Chuo kimoja cha Uingereza kimenidahili uzamili wa uchumi wa afya, mwaka mmoja kuanzia Septemba. Ufadhili unalipa ada, tiketi na posho yangu peke yangu. Natakiwa kuthibitisha mwisho wa mwezi ujao.

Nilipopeleka habari kazini, mkuu wangu aliniambia simo kwenye mpango wa mafunzo wa mwaka huu wa fedha, nisubiri mwakani. Nilipomweleza kuwa ufadhili haungoji, akasema basi niandike barua ya kuacha kazi. Wakati huo huo shirika moja linalohudumia wakimbizi Nyarugusu limenipa nafasi ya afisa ufuatiliaji na tathmini: mkataba wa mwaka mmoja, mshahara karibu mara tatu ya ninaoupata. Tuna nyumba tuliyoiacha kwenye lenta, kwa hiyo pesa hiyo si ya kuchezea.

Mume wangu ni mwalimu wa sekondari. Yeye anasema niamue, atasimama na mimi. Mama mkwe anasema mwanamke haachi mtoto wa miaka mitatu akavuka bahari kwa ajili ya vyeti. Mkubwa ana miaka saba.

Na kuna hofu yangu binafsi. Kidato cha tano na sita nilisoma HGE (historia, jiografia na uchumi), hisabati niliyofanya ni BAM tu, ile ya msingi. Nasikia uchumi wa afya ni hesabu tupu. Nasikia pia kwamba mwenye GPA chini ya 3.8 vyuo havimtaki. Halafu, Mshauri, utafiti wa huku kwetu hufanywa na watu wa mbali. Miaka miwili iliyopita nilizunguka na timu ya watafiti kwenye vituo vyetu, nikawatafutia madaftari, nikawaeleza kwa nini takwimu fulani hazilingani. Makala ilipotoka jina langu lilikuwa kwenye mstari wa shukrani, pamoja na madereva. Najiuliza kama mtu kama mimi ana nafasi kweli kwenye ulimwengu huo.

Niache kazi niende? Nichukue mkataba wa Nyarugusu? Au nitulie?

Mama wa Wawili, Kigoma

*

Marahaba, mdogo wangu.

Barua yako imebeba mambo manne yaliyosukwa pamoja: ruhusa ya kazini, pesa ya nyumba, watoto, na swali la kama wewe ni mtu wa kazi hii. Matatu ya kwanza yana mkuu wa idara, benki na mama mkwe wa kuyasemea. La nne halina msemaji zaidi yako, kwa hiyo nitaanza nalo.

Unasema utafiti wa huku hufanywa na watu wa mbali. Kwa sehemu ni kweli. Lakini mwaka 1995 jarida la Health Policy and Planning lilichapa makala juu ya kupunguza vifo vya uzazi Kigoma. Mwandishi wa kwanza alikuwa Godfrey Mbaruku, daktari aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya mkoa, pamoja na Staffan Bergström. Makala ilionyesha vifo vya uzazi hospitalini hapo vikishuka kutoka 933 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 1984 hadi 186 mwaka 1991, kazi iliyofanywa na watumishi wa hapo hapo, kwa sehemu kubwa kwa rasilimali walizokuwa nazo. Uzamivu wake aliupata baadaye, chuo cha Karolinska, Sweden. Yaani swali na madaftari ya hospitali vilitangulia, shahada ikafuata.

Daktari huyo huyo alishiriki pia katika tafiti za Kasulu zilizoongozwa na mtafiti Margaret Kruk. Moja, ya mwaka 2008, ilionyesha kuwa wanawake walikuwa wakitoa pesa mfukoni kwa huduma ya kujifungua iliyotakiwa kuwa bure. Nyingine, ya mwaka 2009, ilitumia njia ambayo leo inafundishwa sana katika uchumi wa afya, jaribio la uchaguzi. Mama anaonyeshwa vituo viwili vya kufikirika vinavyotofautiana kwa umbali, gharama, tabia ya mhudumu, uwepo wa dawa na vifaa, halafu anaulizwa angejifungulia wapi. Akichagua mara kadhaa, na wenzake wengi wakifanya hivyo, unaweza kupima kila sifa ina uzito gani kwao. Vilivyobeba uzito mkubwa kuliko vyote vilikuwa heshima ya mhudumu na uwepo wa dawa na vifaa. Hebu usome tena ile sentensi ya kalamu ya mganga mfawidhi wako, halafu uniambie kama uko nje ya mazungumzo haya.

Hata CHF yenyewe ina mizizi jirani na wewe. Ilianza kwa majaribio Igunga, mkoani Tabora, mwaka 1996. Na sasa kwa kuwa kuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, swali la kwa nini kaya haihuishi limekuwa swali la taifa zima.

Kuhusu jina lako kuwekwa kwenye shukrani, naelewa kwa nini limekuuma, ila lina pande mbili. Majarida mengi ya tiba hufuata masharti manne ya kamati ya kimataifa ya wahariri, ICMJE. Mwandishi ni yule aliyechangia kwa kiasi kikubwa katika kubuni utafiti, kukusanya takwimu au kuzichambua; akashiriki kuandika au kuhakiki rasimu kwa kina; akaidhinisha toleo la mwisho; na akakubali kuwajibika kwa kilichoandikwa. Yote manne kwa pamoja. Kutafuta madaftari peke yake hakutoshi. Lakini kueleza kwa nini takwimu hazilingani ni mchango wa kitaalamu, na masharti yale yale yanasema mtu aliyetimiza sharti la kwanza apewe nafasi ya kushiriki katika mengine. Je, ulipewa rasimu? Uliiomba? Timu nyingine ikija, kabla hujafungua kabati la madaftari, omba mkubaliane kwa barua pepe nani ataandika nini. Mistari mitatu inatosha.

Sasa hofu ya hisabati. Darasa la uzamili wa uchumi wa afya kwa kawaida lina nadharia ya uchumi mdogo, ekonometria (takwimu za kupimia maswali ya uchumi), tathmini ya kiuchumi ya tiba na programu, ufadhili wa mifumo ya afya, na tasnifu. Penye miiba ni ekonometria, na Uingereza huwa inaanza mapema, Oktoba, kabla hujazoea baridi. Unachohitaji kuwa nacho mkononi ni logi, utafutaji wa mteremko wa mlinganyo, uwezekano, na regresheni ya mstari. BAM ilikugusisha mengi ya hayo, yamelala tu. Kinachowaangusha wengi ni kufika hawajawahi kugusa programu ya takwimu. Pakua programu iitwayo R, ni ya bure. Kisha chukua takwimu za Utafiti wa Jopo la Kaya za Ofisi ya Taifa ya Takwimu, nazo zinapatikana bila malipo. Zina sehemu ya afya inayouliza nani aliugua, alikwenda wapi, alitumia shilingi ngapi. Jaribu kujibu swali moja dogo: je, kaya za vijijini zilizougua zilitumia sehemu kubwa zaidi ya kipato kuliko za mjini? Ukiona unakesha nalo kwa hamu, umejifunza kitu juu yako. Ukiona linakuchosha kabisa, hilo nalo ni jibu, tena la bei nafuu kuliko tiketi ya ndege.

Lakini jaribio kubwa zaidi liko ofisini kwako, na hapa nitakaa kidogo.

Swali lako linaweza kuwa utafiti mdogo wa kweli. Orodhesha zahanati zote za halmashauri. Kwa kila moja, hesabu kaya ambazo uanachama wao uliisha ndani ya miezi 12 fulani, na ngapi kati ya hizo zilihuisha. Kisha nenda kwenye kadi za stoo, hesabu siku ambazo dawa kumi unazoziteua tangu mwanzo hazikuwepo. Ongeza umbali wa zahanati hadi duka la dawa la karibu na idadi ya watumishi. Hapo una jedwali la zahanati zote, na unaweza kuona kama siku za kukosa dawa zinaendana na kutohuisha.

Sasa angalia panapoharibika. Kwanza, kuhuisha ni nini? Mkulima ambaye kadi yake imeisha Februari, pesa haina, akahuisha Julai baada ya mavuno, umemhesabu kama aliyeacha au aliyerudi? Ukipima kwa siku 30 utapata jibu moja, ukipima kwa siku 180 utapata jingine kabisa. Andika ufafanuzi wako kabla hujafungua takwimu. Pili, zahanati zenye upungufu wa dawa mara nyingi ndizo zilizo mbali na barabara, zenye mtumishi mmoja, na zenye kaya maskini zaidi. Ukiona uhusiano, ni dawa au ni umaskini? Tatu, mshale unaweza kuelekea upande wa pili: wanachama wengi huongeza mahudhurio, na mahudhurio humaliza dawa. Nne, kaya inayojiandikisha mara nyingi ni ile yenye mgonjwa. Akipona, sababu ya kulipa inapungua hata kama stoo imejaa. Jambo hili la wagonjwa kukimbilia bima na wazima kukaa pembeni lilikuwa moja ya hoja za mchumi Kenneth Arrow katika makala yake ya mwaka 1963, ambayo wengi huihesabu kuwa ndiyo iliyoizaa fani hii.

Fanya pia hesabu ndogo ambayo sidhani kama imewahi kufanywa kikaoni kwenu. Shilingi 30,000 kwa watu sita ni 5,000 kwa mtu kwa mwaka. Kila mmoja akihudhuria mara mbili, ni mahudhurio 12, yaani 2,500 kwa kila hudhurio, kabla hujatoa gharama za uandikishaji na uendeshaji. Linganisha na bei ya dozi moja ya dawa ya mtoto. Huenda tatizo la uelewa lipo, lakini hesabu hii inauliza kama ahadi yenyewe iliwekewa pesa ya kutosha.

Hadhari moja: kuwa na funguo za kabati hakukupi haki ya kuchapisha. Ukitumia takwimu hizo kwa kazi ya ofisi, ni sehemu ya wajibu wako. Ukitaka makala, unahitaji kibali cha maadili kutoka NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), ruhusa ya maandishi ya mamlaka za mkoa na halmashauri, na kabla ya kuchapisha, idhini ya NIMR tena. Majina na namba za wanachama ziondolewe kabla hujaanza uchambuzi. Tafuta pia mtafiti mmoja wa taasisi inayotambulika atakayekuwa mshirika wako. NIMR ina kituo Tabora, huna haja ya kuanzia Dar es Salaam.

Twende kwenye uhadhiri. Uliyoyasikia kuhusu 3.8 hayajatoka hewani. Matangazo mengi ya vyuo vya umma hutaka GPA ya 3.8 shahada ya kwanza na 4.0 uzamili. Baadhi hushusha kidogo kigezo cha kwanza, na hubadilika, kwa hiyo soma tangazo lenyewe. Tuzo ya nje lazima itambuliwe na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Uingereza hawatumii GPA, alama 60 na kuendelea ni daraja zuri na 70 ni la juu kabisa, hivyo tunza hati inayoonyesha alama za kila somo. Kuna mtego mwingine ambao wengi huugundua wakiwa wamechelewa: matangazo ya Sekretarieti ya Ajira mara nyingi husema mtumishi wa umma aliyeko kwenye nafasi ya kuingilia asiombe. Uliza mapema njia ya uhamisho ikoje.

Ila ngoja nikuulize, kwa upole. Unataka kuwa mhadhiri, au unataka maswali yako yajibiwe vizuri? Maisha ya mhadhiri ni vipindi, kusahihisha mitihani ya madarasa makubwa, kusimamia tasnifu, na makala za kupandia cheo, na utafiti unaubana katikati ya hayo. Maisha ya mtafiti wa taasisi ya utafiti wa afya kama Ifakara yana utafiti mwingi zaidi, lakini mikataba huenda na miradi, na sehemu ya kila mwaka inaliwa na maandiko ya kuomba fedha. Njia zote mbili zitakudai uzamivu, miaka mitatu hadi minne, ukiwa umekaribia 40. Umri huo si kikwazo katika fani hii. Watu wengi huingia wakitokea wodini au ofisini kama wewe. Na ipo njia ya tatu ambayo haisemwi sana: afisa wa mkoa, wizara au TAMISEMI anayejua kusoma ushahidi na kuutengeneza, akiandika makala moja kila baada ya muda. Ipi kati ya hizi inafanana na siku unayotaka kuiishi?

Sasa ruhusa. "Andika barua ya kuacha kazi" ni neno la mdomo, na neno la mdomo halijibiwi kwa barua ya kuacha kazi. Kwanza andika barua ya kuomba ruhusa ya masomo kwa Mkurugenzi Mtendaji, ipitie kwa Mganga Mkuu wa Halmashauri. Ambatisha barua ya udahili, barua ya ufadhili, na ukurasa mmoja unaoeleza mambo mawili: halmashauri haitalipa ada wala tiketi, na utarudi na utaalamu gani. Taja nani atakaimu majukumu yako. Kisha weka ombi la pili ndani ya barua hiyo hiyo: ikishindikana ruhusa yenye malipo, uombe likizo bila malipo. Wapo wakurugenzi wanaokataa la kwanza wakakubali la pili. Nakala yako ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.

Usiondoke kabla ya jibu la maandishi. Kukosekana kazini zaidi ya siku tano bila ruhusa ni kosa linaloweza kukufukuzisha, na mtu aliyefukuzwa kwa utoro anapata shida kubwa kurudi serikalini. Kuacha kazi kwa hiari ni safi zaidi, ila michango yako ya PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, inasimama na kurudi kwenye ajira ya umma kunahitaji kuanza upya. Muulize pia afisa utumishi, kwa maandishi, kama muundo wa kada yako unautambua uzamili wa uchumi wa afya. Wapo waliorudi na shahada nzuri wakakaa miaka wakisubiri kubadilishiwa kada, na wengine wakashuka mshahara walipobadilishiwa.

Sambamba na hilo, waandikie chuo na wafadhili barua pepe mbili tofauti ukiuliza kuahirisha mwaka mmoja. Vyuo mara nyingi hukubali kuahirisha udahili. Ufadhili mara nyingi hauahirishwi, ila kuuliza hakukupunguzii chochote. Ukisubiri mwakani kwa matumaini ya mpango wa mafunzo, hakikisha jina lako linaingia kwenye mpango huo wakati bajeti inaandaliwa, na uoneshwe ukurasa wenyewe.

Nyarugusu nako nisikudharaulie. Lenta inataka bati, na hakuna aibu katika hilo. Ufuatiliaji na tathmini utakufundisha kuunda viashiria, kusafisha takwimu, na kuandika kwa tarehe. Hautakufundisha kutenganisha chanzo na matokeo, maana ripoti ya mradi inauliza "tumefikia lengo?" na mtafiti anauliza "ingekuwaje tusingekuwepo?" Hatari yake uliiona na macho yako mwaka 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, na mikataba mingi ya mashirika ikakatika katikati. Kuingia huko ni kuacha kazi ya serikali vile vile, kwa hiyo unapopima njia hii, usiilinganishe mshahara kwa mshahara tu. Soma kifungu cha kusitisha mkataba: ni notisi ya siku ngapi, na kuna malipo gani?

Na kubaki si kutulia, kama ulivyoandika. Uzamili wa nyanja hizi unasomeka hapa nchini, Muhimbili na Mzumbe kwa mfano, ukiwa umbali wa treni au basi kutoka kwa watoto. Kinachopungua ni kina cha ekonometria, kutegemea programu, na mtandao wa watu wa nje. Kinachoongezeka ni kwamba tasnifu yako inaweza kuwa ya Kigoma bila kuvuka mpaka, na wasimamizi wako wanaijua TAMISEMI kwa ndani.

Nimewaacha watoto mwisho, na si kwa udogo wao. Tangu Januari 2024 wanafunzi wengi wa uzamili wa kozi Uingereza hawaruhusiwi kwenda na familia, kwa hiyo wazo la kuwachukua baadaye liweke pembeni, mhesabu mwaka mzima wa kutengana. Mama mkwe amesema neno gumu, lakini ndani yake mna swali la haki: nani atakuwa na mtoto wa miaka mitatu saa kumi na mbili asubuhi, baba akiwa anawahi kipindi cha kwanza? Mume wako amesema atasimama na wewe. Mwombe aseme kwa vitendo: nani analala na mtoto, nani anampeleka kliniki, posho ipi inatumwa, simu ya video saa ngapi. Ikiwezekana jaribuni wiki mbili kwa mpango huo ukiwa bado upo, wewe usiingilie. Na huyo bibi mwenyewe, mkimwendea kuomba ushauri juu ya malezi ya mwaka huo badala ya kumpa taarifa ya uamuzi, huenda mazungumzo yakabadilika. Huenda yasibadilike pia, na hapo itabidi ninyi wawili muamue ni kiasi gani cha kutoridhika kwake mnaweza kukibeba.

Wasiwasi wangu kwako ni tarehe ya kuthibitisha. Barua ya Mkurugenzi na zile barua pepe mbili zinaweza kutoka wiki hii, na majibu yake ndiyo yatakayokuonyesha ni njia zipi kweli ziko wazi, maana kwa sasa unachagua kati ya milango ambayo hujaigonga yote. Orodha ya zahanati unaweza kuianza hata leo jioni. Ukipata majibu, niandikie tena, uambatishe na jedwali lako la siku 30 na siku 180.

Mshauri